Penseli Juu ya Menyu

Alininyang'anya menyu.

Si kwa ukali. Aliichukua jinsi unavyochukua kisu mkononi mwa mtoto, taratibu lakini bila kuomba ruhusa. Akailaza mezani, akachomoa penseli iliyokuwa imechomekwa kwenye nywele zake nyeupe, akaanza kukata. Tortellini in brodo, tambi ndogo zilizojazwa nyama ndani ya mchuzi, mstari. Tagliatelle al ragù, tambi bapa kwa rojo la nyama, mstari. Lasagne ya kijani, mstari. Alishuka hivyo mpaka chini, akinong'ona majina kama mwalimu anayeita mahudhurio, na alipoinua penseli, menyu iliyokuwa imejaa pande zote mbili ilikuwa imebakiwa na vyakula vinne.

"Ecco," alisema. Haya.

Ilikuwa Bologna, mwezi wa Novemba, saa moja kasoro ya jioni. Mgahawa ulikuwa bado umefungwa. Italia migahawa mingi haianzi kupakua chakula cha jioni kabla ya saa moja unusu. Wala sikuwa nimekuja kula. Nilisimama tu nje kwao nisome ramani kwenye simu. Bologna unaweza kuvuka nusu ya mji wakati wa mvua bila mwavuli, kwa sababu njia za miguu zimefunikwa na baraza ndefu zenye matao, kama kilomita 62 ukiziunganisha zote, na mwaka 2021 UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia. Mvua haikunigusa. Baridi ndiyo iliyonisogeza karibu na dirisha lenye mwanga. Ndani, kwenye meza ndefu iliyopakana na jiko, watu sita walikuwa wanakula: wapishi na wahudumu, wakipata chao kabla ya kuwapakulia wageni. Mama mmoja mtu mzima akaniona. Akainuka, kitambaa cha mezani bado kikiwa mkononi, akafungua mlango.

Nikamwambia kwa ishara kwamba nitarudi saa moja unusu. Akajibu kitu ambacho sikukielewa, akavuta kiti.

Karatasi ile ninayo. Iko hapa ninapoandika, imekunjwa mara nne, na doa la siagi kwenye kona. Hii ni wiki ya sita tangu nirudi, na kila nikiiona kuna kitu kinanichoma ambacho si hamu ya kurudi Italia. Nimechelewa kuandika kwa sababu kukiandika ni kukikiri.

## Neno jepesi

Kabla hata sijakaa vizuri nilikuwa nimeshamwambia: "Sono vegetariana." Mimi sili nyama.

Si kweli.

Mimi ni Mwislamu. Sababu zangu za kutokula nguruwe mnazijua, na nyama nyingine za huko mnajua mjadala wake wa uhalali, sitaurudia hapa. Ninachotaka kueleza ni kwa nini sikusema hivyo. Nimesafiri kiasi cha kutosha kugundua kwamba neno "vegetariana" ni jepesi. Halifuatwi na maswali. Mhudumu anaitikia, anakuonyesha upande wa mboga, mambo yanaendelea. Ukisema "sili nguruwe" kuna kimya kifupi kinachofuata, nusu ya sekunde hivi, ambamo mtu anakutazama upya: uso, jina, kilichoko kichwani. Pengine hana nia yoyote mbaya. Pengine anawaza tu kilichomo sufuriani. Lakini nusu ya sekunde hiyo nimeichoka, na nimejifunza neno linaloifuta.

Nilijiambia kuwa ni adabu. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Kwa nini nimtwishe mtu dini yangu wakati yeye yuko kwenye kazi ya kuuza tambi? Mgeni mzuri ni mgeni asiyesumbua. Na siamini kwamba niko peke yangu. Nimekaa mezani na wenzangu safarini nikawasikia wakisema wana mzio, wana vidonda vya tumbo, daktari amewakataza. Chochote, isipokuwa lile lililo kweli.

Halafu kulikuwa na kofia. Baridi ya Novemba ilinipa sababu ya kuvaa kofia ya sufu juu ya kitambaa changu, na siku nzima nilipita barazani kama msichana yeyote anayeogopa baridi. Ndani ya mgahawa palikuwa na joto. Signora, yule mama aliyenifungulia, alinyoosha mkono apokee koti, nikampa. Akanyoosha mkono apokee kofia.

Nikasema bado nasikia baridi.

Waliniwekea sahani mezani kutoka kwenye chakula chao wenyewe: kipande cha frittata ya vitunguu na mkate. Hawakuniuliza. Nilikuwa nimesema sili nyama, na mayai si nyama. Nilikula huku wao wakimaliza kula, wakibishana juu ya jambo fulani kwa sauti kubwa, na kwa dakika kama kumi nilikuwa mtu wa meza ile.

## Mji ulioandikisha nguruwe

Ukitaka kumkwepa nguruwe, Bologna ndio mji wa mwisho wa kuuchagua. Waitaliano wanauita la dotta, msomi, kwa ajili ya chuo kikuu ambacho mwanzo wake huhesabiwa kuwa mwaka 1088. Wanauita la rossa, mwekundu, kwa mapaa yake na kwa siasa zake. Na wanauita la grassa, mnene, na sehemu kubwa ya unene huo ni nguruwe. Mortadella, soseji nene ya nguruwe, ni ya kwao. Mapaja yaliyokaushwa, prosciutto, yananing'inia madukani kwa safu.

Na mambo haya hawakuyaacha kwenye midomo ya mabibi. Tarehe 7 Desemba 1974, chama cha walinzi wa tortellini, Dotta Confraternita del Tortellino, kiliandikisha kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna kile kinachopaswa kujazwa ndani yake: nyama ya mgongo wa nguruwe, prosciutto, mortadella, jibini ya Parmigiano Reggiano, mayai na kungumanga. Waliandikisha kisheria, kama mtu anavyoandikisha kiwanja. Hesabuni wenyewe: katika vitu sita, vitatu ni nguruwe. Ragù ikafuata tarehe 17 Oktoba 1982, na ndani yake mna pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe. Hata upana wa tagliatella umepangwa: milimita 8 ikishapikwa, yaani sehemu moja kati ya 12,270 za urefu wa mnara wa Asinelli, ule mrefu kuliko minara yote ya kale mjini.

Nilipolisoma hili nililipenda sana. Watu wanaopima tambi kwa mnara wao ni watu wanaojua walichonacho. Nikawaheshimu, na nikawaogopa kidogo.

Usiku uliotangulia, kwenye mgahawa mwingine, nilisema neno langu jepesi na mhudumu kijana akanipendekezea friggione: vitunguu vyeupe vilivyokatwa vyembamba, vikapikwa na nyanya kwa saa nyingi mpaka vikawa laini kama jamu. Mboga tupu, alinihakikishia. Ilikuwa tamu. Nilifuta bakuli kwa mkate mpaka likang'aa.

Kwa hiyo kwa signora sikuhangaika. Nilipoiona friggione kwenye menyu niliiwekea kidole.

Akanitazama juu ya miwani. "Strutto," alisema. Sikuelewa. Akaenda jikoni akarudi na kibakuli cha mafuta meupe yaliyoganda, akakiweka mbele yangu, kisha akasukuma ncha ya pua yake juu kwa kidole na kukoroma.

Mafuta ya nguruwe. Friggione ya asili hupikwa kwa hayo.

Nilichokila usiku uliotangulia, si mimi wala mhudumu yule tuliyeuliza kilipikwa kwa mafuta gani. Alitazama kama mna nyama, na nyama haikuwamo. Neno nililompa halikumwambia atazame wapi pengine.

## "Maiale no"

Hapo uso wangu ukanisaliti. Mtu asiyekula nyama akionyeshwa mafuta yale huenda angeshtuka kidogo na kusogeza kibakuli. Mimi nilishikwa na kitu kingine. Nilinyamaza nikainama, na najua machozi yalinilengalenga.

Signora alisogeza kibakuli pembeni, akavuta kiti cha mbele yangu, akakaa. Nilishangaa kwamba alikaa. Saa moja unusu ilikuwa inakaribia, wenzake walikuwa wanapanga glasi, lakini yeye aliweka viwiko mezani akaanza kuniuliza kimoja kimoja kama daktari. Samaki? Nakula. Mayai? Nakula. Jibini? Nakula.

Kuku?

Nikasita.

Hatukuwa na lugha ya kutosha. Kitaliano changu ni cha programu ya simu, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Kilichobaki tulikifanya kwa mikono. Hakuuliza swali jingine. Aliitazama kofia yangu. Akaitazama glasi ya divai iliyokuwa imepangwa mbele yangu tangu mwanzo, akaichukua na kuiweka meza ya pili, bila neno.

"Maiale no," alisema. Nguruwe hapana. Hakuwa anauliza.

"Maiale no," nikaitikia.

Nilijiandaa kwa ile nusu ya sekunde. Ilikuja, lakini sikuitambua. Alikunja uso kama mtu aliyepewa hesabu ngumu na yeye anapenda hesabu. Ndipo aliponinyang'anya menyu.

Mistari aliyoichora haikuwa ile tu ambayo ningeichora mwenyewe. Crescentine, vimkate vya kukaanga: mstari, hukaangwa kwa strutto. Maharage: mstari, kumbe huchemshwa na ngozi ya nguruwe. Zuppa inglese, kitindamlo cha krimu na keki: akaigiza mlevi anayeyumba, mstari, keki yake hulowekwa kwenye Alchermes, kileo chekundu. Mchuzi wa nyama ya ng'ombe na jogoo aliyehasiwa: hapo penseli ilisimama hewani, akanitazama, akaniachia mimi niamue. Nikatikisa kichwa. Mstari.

Zikabaki tortelloni, kubwa kuliko tortellini, zilizojazwa ricotta, jibini laini, na majani mabichi. Hizo hazina nyama kwa asili. Nilidhani tumefika. Yeye akainuka tena, akaenda jikoni, nikamsikia akibishana na mpishi. Aliporudi alinieleza kwa mikono: sufuria ya maji yanayochemka ni moja, na tortellini hupita humo humo. Wataniwekea maji mapya.

Maji. Katika maisha yangu yote ya kuuliza maswali mezani ugenini, sikuwahi kuwaza juu ya maji ya kuchemshia tambi.

Nilizikula kwa siagi na majani ya salvia, na jibini iliyokunwa juu. Unga ule husukumwa kwa mti mrefu juu ya ubao mpana, yai moja kwa kila gramu mia za unga, mpaka unakuwa mwembamba kiasi kwamba ukiuinua kwenye mwanga unaona kivuli cha mkono wa anayeushika. Wanawake wa kazi hiyo wana jina lao, sfogline, na Bologna jina hilo hutajwa kwa heshima. Ubao ukiwa wa mbao huukwaruza unga kidogo, na ule ukwaruzo ndio unaoshika siagi. Nilikula polepole. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeifanyia kazi, na ndiyo maana ilianza kunisumbua kabla sahani haijaisha.

## Kumi na nne

Chini ya menyu za Italia mna namba ndogo ndogo. Ni sheria: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inaulazimisha mgahawa umwambie mteja kama chakula kina kimoja kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio. Mayai, maziwa, karanga, ufuta, haradali, samaki na vinginevyo.

Nguruwe hayumo, na sioni kosa. Orodha ile ni ya miili inayoweza kufa kwa karanga moja, nisingependa ichanganywe na mambo yangu. Lakini maana yake ni kwamba alichonifanyia signora hakikuandikwa popote. Hakuna mkaguzi ambaye angemuuliza kuhusu strutto. Kwa hesabu ya biashara nilikuwa mteja mbaya: nimekuja kabla ya saa, nimeagiza sahani moja tu pale ambapo wenzangu huagiza mbili tatu, sina divai, na nimemchelewesha mwenye mgahawa kwa robo saa huku meza zikisubiri kupangwa.

## Kuku mweupe

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga. Hata akijichanganya kundini ataonekana. Bologna methali hiyo iliwahi kuingia sufuriani kabisa.

Mwaka 2019, kuelekea sikukuu ya San Petronio, mtakatifu mlinzi wa mji, ambayo huwa tarehe 4 Oktoba, waandaaji walikuja na wazo la kugawa pia tortellini zilizojazwa kuku, ili wasiokula nguruwe nao wale pamoja na wengine. Zikaitwa tortellini za ukaribisho. Zile za kawaida zilikuwa bado zipo. Hata hivyo yalizuka makelele ya nchi nzima. Matteo Salvini, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri wa mambo ya ndani, aliona kwamba historia na utamaduni wao unafutwa. Wengine wakajibu kwamba tambi haijawahi kuua utamaduni wa mtu.

Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza, zamani kidogo, nilikuwa upande wa kuku bila kusita. Bado niko upande huo. Hakuna aliyenyang'anywa sahani yake. Ugomvi wote ulikuwa juu ya sahani ya jirani. Mtu aliyekaa akafikiria nani atasimama uwanjani bila kula, huyo amefanya kazi ya mwenyeji.

Lakini signora amenivuruga. Kwake hakuna kilichobadilika kwenye kanuni ya 1974 hata gramu moja. Nguruwe walibaki pale pale walipoandikishwa, na mimi sikutaka waondoke. Nilichopewa ni ukweli wote kuhusu kila sahani, na kiti mezani. Nimejiuliza kwa wiki hizi sita kipi ni kikubwa zaidi, kupikiwa kuku au kuambiwa ukweli, na siku nyingine najibu hivi, siku nyingine vile.

Kisha nikaona jambo ambalo sikutaka kuliona. Tortellini za kuku zilipikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kusema sili nguruwe. Mimi nisingezipata. Mimi ningekuwa kwenye foleni ya wasiokula nyama, na kofia yangu ya sufu.

Kuna hadithi ya huko ya jinsi tortellini zilivyozaliwa. Wanaisimulia Castelfranco Emilia, kati ya Bologna na Modena. Mwenye nyumba ya wageni alimpokea mgeni mzuri mno, Venus mwenyewe, mungu wa kike wa mapenzi, na usiku akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Tundu ni dogo. Aliona kitovu tu. Akakimbilia jikoni akakunja unga kwa umbo la kile alichokiona. Tendo lenyewe silipendi, kumchungulia mgeni aliyefunga mlango wake. Ila siwezi kuacha kumfikiria mtu yule akiwa jikoni, anapika kwa ajili ya mgeni ambaye amemwona kipande tu.

## Ospite

Kitaliano kina neno moja kwa mgeni na kwa mwenyeji: ospite. Anayepokea ni ospite, anayepokelewa ni ospite, muktadha ndio unaoamua. Sisi tuna maneno mawili na hatuyachanganyi. Niliposoma hivyo kwenye kamusi ya simu nikiwa kwenye treni nilidhani ni upungufu wa lugha.

Kwa siku kadhaa nilijaribu kujiponya kwa njia nyingine. Nilijiambia kwamba naipamba biashara. Mgahawa ni mgahawa. Kwenye bili mna coperto, ile ada ya kiti na mkate ambayo hulipwa na kila anayekaa. Mimi nililipa yuro 2.50, na kama nimelipia kukaa basi hakuna deni kati yetu, wala hakuna uongo wa kujutia. Muuzaji hadaiwi undani wa mnunuzi.

Nikaitoa bili nikaisoma tena. Tortelloni ziko. Maji ya kunywa yako. Fior di latte, kitindamlo cha maziwa na mayai alichokiacha bila mstari, kiko. Coperto iko. Frittata haiko. Ile sahani ya mwanzo, kutoka kwenye chakula chao, kabla ya mlango kufunguliwa, haikuandikwa.

Sijui niiweke wapi.

Nikamsimulia mama kwa simu. Nilisimulia vizuri, kwa mbwembwe, nikaigiza signora akisukuma pua yake juu. Nilitegemea mama acheke, na alicheka. Kisha akauliza: "Sasa mwanangu, kwa nini ulimdanganya?"

Nikasema sikutaka kumsumbua.

"Amekwambia amesumbuka?"

Nikanyamaza. Mama naye akanyamaza, halafu akaniambia mficha uchi hazai, na akahamia kwenye habari za harusi ya binamu yangu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu utotoni nimeielewa methali hii kwa upande wa chakula: mgeni akija, kitu kizuri kitapikwa na wenye nyumba nao watafaidi. Sasa inanijia kwa namna nyingine. Mama yule alikuwa na ujuzi wote ule kuhusu strutto, ngozi ya maharage, Alchermes na maji ya sufuria, umekaa kichwani mwake, na mtu pekee aliyehitaji kuusikia jioni ile alikuwa amemwambia neno lililouzima. Kama uso wangu usingenisaliti, angeniletea saladi. Ningeshukuru. Angefikiri amenikaribisha.

## Jioni ya pili

Nilirudi. Safari hii nilikuja saa moja unusu kamili kama watu wengine, na mlangoni nilivua kofia nikabaki na kitambaa changu. Signora aliipokea kofia, akaitundika pamoja na koti, akanipeleka kwenye meza ile ile. Hakusema lolote kuhusu kichwa changu. Sikuona glasi ya divai mezani.

Mgahawa ulijaa. Meza ya jirani walikuwa na tortellini kwenye mchuzi, na harufu ya kungumanga ilinifikia kila walipoinua vijiko. Sikuitamani, nasema kweli, lakini niliifurahia, kama unavyofurahia wimbo unaochezwa kwenye harusi ya jirani.

Kabla sijaondoka alikuja na menyu mpya na penseli. Akanipa penseli mimi. Alitaka niandike kwa lugha yangu, nyuma ya karatasi, kitu cha kumwonyesha mtu mwingine kama mimi atakapokuja. Nikaandika: *Chakula hiki hakina nguruwe.* Akasoma kwa sauti. Neno la mwisho lilimshinda. Alijaribu mara tatu, ng ikimkwama puani, akaenda jikoni akamfundisha mpishi vibaya, na nikiwa navaa koti niliwasikia wote wawili wakilirudia kule ndani, n-guruwe, n-guruwe.

Nilitoka nikicheka. Nilitembea chini ya matao mpaka hotelini nikiwa na hakika kwamba nimepona.

## Firenze

Kutoka Bologna kwenda Firenze kwa treni ya kasi ni kama dakika arobaini, karibu zote ndani ya mahandaki. Ukitoka upande wa pili hali ya hewa imebadilika.

Jioni hiyo niliingia mgahawa mdogo ng'ambo ya mto Arno. Mhudumu alikuwa kijana mchangamfu, tabasamu la kweli, akavuta kiti, akaniuliza kama kuna kitu nisichokula.

"Sono vegetariana," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sikupata hata muda wa kulisikia likija. Karatasi ya signora ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa limetundikwa mlangoni, na kofia ya sufu ilikuwa kichwani. Ningeweza kujisahihisha. Alisimama pale kwa muda mrefu wa kutosha, kalamu mkononi, akinitazama kwa wema. Nami nilimtazama, nikatabasamu.

Akaitikia, akafungua menyu upande wa mboga, akanionyesha pappa al pomodoro: mkate wa jana uliopikwa na nyanya, rehani na mafuta ya zeituni. Ilikuja ya moto. Ilikuwa nzuri.

Hakuna aliyeninyang'anya menyu.